Sasisho likibisha hodi: vidokezo 11 kwa mwenye NAS

Saa mbili asubuhi, Ngamiani, Tanga. Feni imeanza kuzunguka, chai ya tangawizi inafuka mezani, na wewe umefungua ukurasa wa NAS kutafuta picha za harusi ya Jumamosi. Pembeni juu kuna kidoa chekundu: sasisho jipya liko tayari. Unabonyeza "baadaye", kama ulivyobonyeza wiki iliyopita, na mwezi ule mwingine.

Kwa asiyeijua, NAS ni kisanduku chenye diski mbili, nne au zaidi, kinachochomekwa kwenye ruta ili kompyuta zote za ofisi ziweke na kuchukua mafaili mahali pamoja. Ni chombo cha studio ya video, ofisi ya uhasibu, zahanati, shule, au hoteli ya Pangani inayotunza picha za kamera za ulinzi. Kinachokiendesha ni programu dhibiti, ile ambayo mafundi wetu huiita famuwea. Ndiyo inayoziamsha diski, inayogawa ruhusa za nani aone nini, na inayosimama mlangoni. Ikiharibika, umebaki na tofali lenye taa.

Basi kile kidoa kinauliza swali la maana. Wako waliosasisha wakajuta, na wako waliokataa kusasisha wakajuta mara mbili. Hivi ndivyo ninavyoamua mimi, baada ya kuonja majuto ya pande zote.

1. Nakala kwanza, kitufe baadaye

Usiguse chochote kabla ya kuwa na nakala ya mafaili yako nje ya NAS. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya: "Mimi nina diski mbili, moja ikifa nyingine ipo." Mpangilio huo, RAID, hukuokoa diski moja ikifa. Haukuokoi ukifuta faili kwa bahati mbaya, maana linafutika kwenye diski zote mbili kwa mkupuo. Haukuokoi mwizi akibeba sanduku zima, wala sasisho likivuruga mpangilio wenyewe.

Kanuni waliyoizoea wapiga picha na mafundi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Hiyo "mbali" isikutishe. Kupandisha terabaiti nne mtandaoni kwa bando ni ndoto ya mchana, lakini diski ya nje ndani ya begi inapanda basi hadi Muheza, inalala kabatini kwa shangazi. Mwezi ukiisha inarudi, inajazwa mapya, inakwenda tena.

Kisha ijaribu. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua video moja ya zamani, hati moja na picha moja. Mimi nilijifunza hili siku nilipokwenda kwa kujiamini kutoa harusi ya mteja kwenye diski ya akiba. Mafolda yote yapo, majina yote yapo, ndani hamna kitu. Kazi ya kunakili ilikuwa imekwama miezi mitano nyuma na wala sikuwahi kuitazama. Mteja alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, soda mkononi, akinisubiri.

2. Soma limekuja kufanya nini

Kila sasisho huja na maelezo yake, na watengenezaji wakubwa kama Synology na QNAP, wote wa Taiwan, huyaweka wazi kwenye tovuti zao. Ni marefu na yanachosha, lakini wewe unatafuta jibu moja tu: limeletwa na shida gani?

Kuna ya kuziba tundu la usalama. Kuna ya kurekebisha kasoro, kama kunakili kunakokwama au feni isiyonyamaza. Na kuna ya kuleta mapya: sura mpya, programu mpya, rangi mpya. La kwanza linakuhusu hata kama hujawahi kuliona tundu lenyewe. La pili linakuhusu ikiwa kasoro hiyo unayo. La tatu lisubiri mpaka roho yako ipende.

Namba nazo zina lugha yake. Toleo likiruka kutoka 6 kwenda 7, huko ni kuhama nyumba: vyumba vimepangwa upya, funguo nyingine hazifanyi kazi, na kuna vitu havitapita mlangoni. Kutoka 7.1 kwenda 7.2 ni ukarabati. Ikibadilika tarakimu ya mwisho tu, mara nyingi fundi amekuja na kiraka. Viraka vidogo ndivyo vyenye hatari ndogo na faida kubwa, na ajabu yake ndivyo tunavyovipuuza zaidi, kwa sababu havileti kitu cha kutazama.

3. Sanduku lako linakaa chumbani au barazani?

Swali hili ndilo linaloamua uharakishe kiasi gani. NAS inayofikiwa kutoka intaneti ya nje imekaa barazani, kila mpita njia anaiona. Ile inayoonekana ndani ya ofisi peke yake imekaa chumbani.

Wengi wameiweka barazani bila kujua. Fundi alifungua mlango kwenye ruta ili bosi aangalie kamera akiwa Dar es Salaam, akalipwa, akaenda zake, mlango ukabaki wazi. Au ruta ina kitu kinachoitwa UPnP, kinachoruhusu vifaa vijifungulie milango vyenyewe bila kumuuliza mtu.

Aprili 2021, wenye NAS za QNAP katika nchi nyingi waliamka wakakuta mafaili yao yamefungwa kwa nywila. Shambulio hilo, Qlocker, halikutumia silaha ya ajabu: liliyafungia mafaili ndani ya 7-Zip, programu ya kawaida ya kubana mafaili, kisha likaacha ujumbe wa kudai bitcoin 0.01. Januari 2022 likafuata DeadBolt, lenyewe likidai bitcoin 0.03. Yote mawili yaliwakamata waliokuwa barazani. Usiseme "nani atanitafuta mimi huku Chumbageni?" Hakuna anayekutafuta wewe. Kuna mashine inayopiga hodi kwenye kila anwani ya intaneti, na mlango ukiitika, inaingia.

Kwa hiyo sanduku likiwa nje, sasisho la usalama ni la leo hii. Jambo jema zaidi ni kulirudisha ndani: funga ile milango ya ruta, zima UPnP, na ukitaka kulifikia ukiwa safarini pitia VPN, ile njia ya faragha ya kuingia ndani. Hapo hata tundu jipya likitangazwa, unapata siku mbili tatu za kufikiri bila jasho. Usizifanye miezi, maana kompyuta mpakato ya mfanyakazi yenye virusi nayo huingia chumbani kwa miguu yake.

4. Tundu likitangazwa, na wezi wamesikia

Mtengenezaji akitoa kiraka, hapo hapo ametangaza ufa ulipo. Mwenye sanduku anaziba. Mwizi naye anachukua toleo la zamani na jipya, anayalinganisha, anajua pa kupenyea kwa yule ambaye hajaziba.

Agosti 2014 wenye NAS za Synology walikutana na SynoLocker, programu iliyoyafunga mafaili yao na kudai fedha za kuyakomboa. Ufa ilioutumia ulikuwa umeshazibwa na Synology tangu Desemba 2013. Miezi minane kidoa kilikuwa kinawaka, na walioumia ni wale waliobaki na matoleo ya zamani.

Wahenga wametuachia mikono miwili hapa: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye tundu la usalama, shika ule wa pili. Jiandikishe upate barua pepe za tahadhari kutoka kwa mtengenezaji wako, na uwe unachungulia tahadhari za TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama mtandaoni kilicho chini ya TCRA.

5. Kama ni mapambo, wengine watangulie kuonja

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikahangaika. Na hiyo ni kampuni ambayo kazi yake ni ulinzi. Anayekuambia sasisho rasmi halina madhara hajakaa na kompyuta muda mrefu.

Ndiyo maana toleo kubwa linaloleta mapya mimi huliacha wiki tatu hivi. Wapo duniani watu wasiotulia kidoa kikiwaka, wabarikiwe, hao ndio waonjaji wetu. Kama pilau ina mawe, watayatafuna wao kwanza, na mtengenezaji atatoa lingine lililochambuliwa. Wiki tatu zikipita kimya, nami nakaa mkekani.

Tazama pia mpangilio wa kujisasisha. NAS nyingi hukuruhusu kuchagua: viraka muhimu vijisakinishe vyenyewe usiku, mengine yakuulize kwanza. Chagua hivyo. Na jua kwamba hata chaguo lako lina mpaka. Januari 2022, DeadBolt ilipokuwa inasambaa, QNAP ilisukuma sasisho moja kwa moja hadi kwenye masanduku ya wateja, wakiwemo waliodhani wamezima usasishaji wa kujiendesha. Kuna walioponea hapo, na kuna waliolalamika kwamba miunganisho yao ya kazi ilikatika usiku mmoja. Anayeamua mapema huamua kwa utulivu, na asiyeamua ipo siku huamuliwa.

6. Angalia kinachoondoka, si kinachokuja tu

Tangazo la sasisho husifia kilicholetwa. Kilichoondolewa kimeandikwa chini, kwa herufi za kuona haya.

Agosti 2024 Synology ilitoa toleo 7.2.2 la DSM, programu dhibiti ya NAS zake. Ndani yake programu ya Video Station, ambayo watu waliitumia kutazama video zao kwenye televisheni moja kwa moja kutoka kwenye NAS, haikuwemo tena. Kazi ya kufungua baadhi ya aina za video, kama HEVC, nayo iliondolewa kwenye sanduku ikahamishiwa kwenye simu, kompyuta au televisheni ya mtazamaji.

Kwa ofisi ya uhasibu hilo si neno. Kwa studio ya harusi ni msiba mdogo. Hebu fikiri umezoea kumkaribisha mama wa bibi harusi, unamwashia televisheni, anachagua mwenyewe vipande vya kuingia kwenye kanda ya mwisho. Unasasisha Jumapili, Jumatatu mama amekaa, shela begani, kitufe hakipo. Utamweleza nini?

Chukua karatasi, andika mambo matano ambayo NAS yako inakufanyia kila wiki. Kwa kila moja, tafuta katika maelezo ya toleo kama limeguswa. Karatasi hiyo tutaihitaji tena kwenye kidokezo cha mwisho.

7. Mgeni wa siku moja au wa kudumu?

Mji wetu una jina la utani: waja leo waondoka leo. Lakini kila familia ya Tanga inamjua yule mgeni aliyeshuka kituoni kwa siku mbili, akaonja samaki wa kupaka, akaoa, akajenga, na leo anazika na kuzikana nasi.

Programu dhibiti ni kama mgeni huyo wa pili. Ikishaingia, aghalabu haiondoki. Aliyetoka DSM 6 kwenda DSM 7 hakuwekewa njia rasmi ya kurudi. Si uroho wa mtengenezaji peke yake: toleo jipya hubadilisha namna mipangilio na hifadhidata zinavyoandikwa kwenye diski, na toleo la zamani likirudi linakuta maandishi lisiyoyasoma.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza jiulize: nikilichukia, natokaje? Kama jibu ni "nitalirudisha la zamani", hakikisha hilo linawezekana kwa sanduku lako hasa, si kwa la jirani. Mara nyingi jibu la kweli ni "nitafuta kila kitu, nianze upya, nirudishe mafaili kutoka kwenye nakala." Hilo nalo ni jibu zuri, kwa mwenye nakala. Vilevile hamisha faili la mipangilio yako, yaani watumiaji, ruhusa na mafolda ya pamoja, ulihifadhi nje ya NAS. Ni faili dogo, na litakuokolea siku nzima ya kuwauliza wafanyakazi nani alikuwa anaruhusiwa kuona nini.

8. Chagua siku kama nahodha

Jahazi halikalafatiwi likiwa katikati ya bahari. Nahodha husubiri maji ya bamvua, akalipandisha juu ufukweni, maji yakitoka analipata kavu. Anaziba nyufa kwa pamba, anapaka deheni, na bamvua linalofuata linamnyanyulia chombo chake kizima.

NAS nayo ina bamvua lake. Kwa mwenye studio, si Alhamisi usiku wakati Ijumaa kuna akdi na Jumamosi kuna sherehe. Si Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha na ndoa zimepangana foleni. Kwa mhasibu si mwisho wa mwezi, kwa shule si wiki ya mitihani. Jumatatu asubuhi ya wiki isiyo na shughuli inafaa sana: harusi imepita, mafaili yameshanakiliwa, na ukikwama unazo siku nne mbele za kujikwamua, maduka na mafundi wakiwa wazi.

Umeme ndio mtihani mkubwa. Sasisho huchukua dakika kumi hadi nusu saa, na wakati sanduku linajiandika upya ndio wakati ambao umeme ukikatika linaweza lisiamke tena. Chomeka NAS, ruta na swichi kwenye UPS, na uwe umeshaijaribu betri yake: chomoa UPS ukutani siku ya kawaida uone inadumu dakika ngapi. Ikikaa dakika nne, hiyo ni ya kuzimia, si ya kusasishia. Na mawingu ya masika yakianza kunguruma juu ya Usambara, acha mpaka kesho.

Intaneti pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zake wakahangaika na mtandao. Usikubali sasisho litegemee mtandao katikati ya kazi. Lipakue kwanza kwenye kompyuta, ni megabaiti mia kadhaa, kisha lisakinishe kwa mkono kutoka hapo. Lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye flashi ya rafiki wala faili lililotumwa WhatsApp, na hakikisha linalingana na modeli yako herufi kwa herufi.

9. Zisikilize diski kabla ya kuzisumbua

Kila sasisho la maana humalizika kwa kuzima na kuwasha. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kupumzika ni kama mzee aliyekaa mkekani muda mrefu: akiwa amekaa hana neno, shida ni kunyanyuka. Ikigoma kuamka, utalilaumu sasisho, kumbe maradhi yalikuwepo.

Fungua sehemu ya afya ya diski, endesha kipimo cha S.M.A.R.T., soma majibu. Kukiwa na onyo, badilisha diski kwanza, acha mpangilio wa RAID ujijenge upya hadi mwisho, ndipo ufikirie sasisho. Kusasisha huku RAID inajijenga ni kubadilisha tairi gari likiwa linashuka mteremko wa Sekenke.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na chuma hakipendi vyote viwili. Sanduku lililowekwa dirishani Raskazone kwa sababu "hapo kuna hewa" linakula kutu kwenye vichomeo polepole. Lihamishie ndani, mbali na dirisha, lipulize vumbi kwenye feni kila baada ya miezi michache. Kazi hiyo haina kidoa chekundu cha kukukumbusha.

10. Kuna sanduku ambalo halitasasishwa tena

Tanga tuna silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu nao wamemkuta kwenye nyavu zao, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari iliyopewa jina lake. Kwa samaki, kukaa kilindini karne na karne bila kubadilika ni heshima. Kwa kifaa kilichounganishwa na intaneti ni hatari.

Western Digital waliuza NAS iitwayo My Book Live kuanzia 2010. Sasisho lake la mwisho lilitoka 2015. Vifaa viliendelea kuwaka, wenye navyo wakaendelea kuweka humo picha za watoto na hati za miaka. Juni 2021 wengi walifungua wakakuta tupu: mtu alikuwa amevifikia kupitia intaneti na kuviamuru vijifute, virudi kama vilivyotoka kiwandani. Ushauri wa kampuni ulikuwa kuvichomoa kwenye intaneti mara moja. Kidoa hakikuwahi kuwaka kuwaonya, kwa sababu hapakuwa na sasisho la kuwashia.

Somo: ukimya wa NAS si dalili ya afya. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika modeli yako, uone kama bado inahudumiwa. Ukinunua ya mtumba, fanya hivyo ukiwa bado na pesa mfukoni. Iliyoachwa usiitupe, ikate na intaneti kabisa, iwe ghala la nakala linalowashwa mara moja kwa mwezi na kuzimwa. Huko kilindini, silikanti wako ataishi salama.

11. Andika daftarini, kisha kagua

Ofisi nyingi zina tatizo moja ambalo halimo ndani ya sanduku: hakuna ajuaye nani mwenye nywila kuu. Fundi aliyefunga alihamia Arusha, kijana aliyefuata aliacha kazi, na akaunti ya msimamizi bado ina jina la mtu ambaye mmeshamsahau. Kabla ya sasisho, hakikisha unaweza kuingia wewe mwenyewe, na washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Kisha nunua daftari, lile la shule la karatasi. Andika tarehe, toleo la zamani, toleo jipya, aliyebonyeza, na kilichotokea. Likitokea tatizo wiki mbili baadaye, mistari hiyo mitano ina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kwa zahanati, shule na yeyote anayetunza taarifa za watu kuna sababu nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye taarifa azilinde. Daftari ni ushahidi kwamba hukulala.

Sanduku likishaamka, chukua ile karatasi ya mambo matano. Folda za pamoja zinafunguka kutoka kwenye kila kompyuta? Kamera zinaandika? Saa na tarehe ni sahihi? Mfanyakazi wa mapokezi bado hawezi kufungua folda ya mishahara? Na kubwa kuliko yote: ile kazi ya kunakili usiku, imekwenda kweli? Irudie hiyo asubuhi inayofuata. Nakala ya zamani usiiguse kwa wiki nzima.

Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimekuzungusha sanduku zima, mbele na nyuma, na kila kona tumerudi kwenye ile diski iliyoko kabatini Muheza. Mwenye nayo anaweza kusasisha leo, au kusubiri wiki tatu, au kukataa kabisa, na kila moja likawa uamuzi. Asiye nayo anabahatisha tu, abonyeze asibonyeze.

Haya, chai imeshapoa na kidoa bado kinawaka. Mpigie shangazi umuulize basi la mchana linaondoka saa ngapi.